Jiwe la Msiro Lililofika Rouen

Septemba 8, 2013. Namuanza

Nafisa ametuma tiketi. Mimi na baba yake tunakwenda Ufaransa, katika mji wa Tours anakofanya kazi ya uuguzi. Mume wake Hamido, Mngazija aliyekulia Marseille, atatupa gari lake tutembee miji ya kale, sisi wawili peke yetu. "Mamã, mmelea mmechoka, sasa mpumzike," kaniambia kwenye simu. Mimi najua mtoto niliyemzaa. Anataka tuwe mbali kidogo na maneno ya kijiji.

Maneno yenyewe niyaandike, maana ndiyo yanayonikosesha usingizi. Tangu gesi ipatikane huko baharini, magari meupe hayaishi kuja. Sasa watu wa kampuni wametamka wazi kwamba kambi na uwanja wao wa ndege vitapita juu ya Namuanza. Nyumba zetu zitahamia karibu na Palma. Makaburi, kila familia itachagua: kuhamisha wafu wake au kuwaacha ndani ya uzio. Jibu linatakiwa kabla ya mvua za Desemba.

Wazee wa mume wangu Buanali wamelala Quionga, wangu wamelala Mocímboa. Hapa tuna mmoja tu, Anli, mtoto wetu wa kwanza. Alikufa kwa surua mwaka wa themanini na sita, vita vimepamba moto, hajatimiza miaka minne. Mimi nataka tumhamishe. Buanali hataki. Nikimwuliza sababu anasema, "Maiti hasumbuliwi, Mama Nafisa," halafu anavaa ndara zake na kutoka nje.

Septemba 12

Nafunga mizigo. Nimetia vipande viwili vya mti wa msiro pamoja na jiwe la kuusugulia. Buanali kalinyanyua sanduku, kacheka. "Unakwenda kuwajengea Wafaransa nyumba?" Nimemwambia sijakosa msiro usoni tangu nilipochezwa unyago, sitaanza leo mbele ya mkwe.

Ila jiwe lenyewe silipendi. Nilinunua Mocímboa, nalo ni kaidi, linakula mti bila kutoa uji mzuri. Jiwe hasa lilikuwa lile la mama yangu, jeusi, bapa, lina kibonde katikati kilichochimbwa na mikono ya bibi na ya mama. Nilikuwa nikisugua asubuhi, Anli anakaa mbele yangu, anachovya vidole kibondeni na kujipaka hadi masikioni. Lilipotea wiki ile ya msiba wake, nyumba imejaa watu. Aliyekuwa akiingia na kutoka chumbani mwangu ni wifi yangu Mariamo, dada yake Buanali. Sikumwuliza. Lakini tangu siku hizo nikienda kwake, chai yake nainywa nusu.

Septemba 16

Mariamo kaja kutuaga, kaleta mkate wa kumimina. "Safari njema, Mama Anli." Kijiji kizima kinaniita Mama Nafisa tangu Nafisa azaliwe. Yeye peke yake kang'ang'ania jina lile, na anajua linavyonichoma. Nimepokea mkate, nimeshukuru.

Septemba 19. Tours

Tumefika. Nafisa amenenepa, alhamdulillahi. Miguu yangu imevimba kwa ndege.

Septemba 22

Hamido kampeleka Buanali kwenye uwanja wa maduka makubwa kujifunza kuendesha upande wa kulia. Mzee huyu kaendesha malori Mueda, Awasse, Diaca, Mocímboa hadi Palma tangu hajaota ndevu, leo anafundishwa na mkwe. Karudi kimya sana. Nilijizuia kucheka mpaka alipoingia kuoga.

Septemba 24. Chartres

Tumeondoka wawili. Hamido katuwekea chombo cha kuonyesha njia, kinasema Kireno kwa sauti ya mwanamke. Buanali kampa jina Catarina na anamjibu kila neno. "Na rotunda, saia na segunda saída," anasema Catarina, yaani kwenye mzunguko tutokee njia ya pili. "Sim, senhora," anajibu Buanali, halafu anazunguka mara tatu kwa kuogopa kutoka. Mara ya tatu alikasirika. "Hapa ni njia panda ya Awasse tu, Catarina! Awasse ukikosea unajikuta Mueda. Hapa ukikosea unajikuta wapi?" Catarina akamwambia ageuze gari.

Nilicheka hadi machozi. Kisha akaanza kunihadithia mambo ya lori lake la zamani, jinsi milango ilivyokuwa ikifungwa kwa kamba, na jinsi tulivyokuwa tukisafiri humo tukiwa vijana, mimi nimembeba Anli. Alisema, "Alikuwa akilala Diaca, anaamka Awasse kwa mashimo." Miaka mingi sijamsikia akilitaja jina hilo. Nikanyamaza asije akaacha. Akaacha.

Kanisa kuu la Chartres linaonekana tangu mashambani, kabla hujauona mji. Mlangoni Buanali alivua viatu, akaviweka pembeni kwa adabu kama msikitini, akaingia na soksi. Nilimwambia hapa hawavui. Akasema, "Nyumba ya kusalia ni nyumba ya kusalia." Tukatembea humo ndani chini ya vioo vya buluu, mimi na viatu, yeye anachechemea kwa baridi ya mawe. Tuliporudi mlangoni viatu vilikuwepo, na mtu katia sarafu ndani ya kimoja. Buanali hajui acheke au akasirike.

Septemba 25

Nimeteremka kunywa chai na msiro usoni. Mwenye hoteli kaniletea barafu na vidonge, akidhani nimeungua. Buanali kaeleza kwa mikono kwamba ni urembo. Mwanamke yule kaomba kujaribu, nikampaka mashavu yote mawili. Kapokea wageni hivyo hivyo, anang'aa.

Septemba 27. Rouen

Mji huu una nyumba za mbao zilizoinama mpaka unataka kuzishika mkono. Mvua nyembamba, haikati. Tuliingia kanisa kuu kujikinga.

Ndani kuna sanamu ya mfalme, amelala chali juu ya kaburi lake, mikono kifuani. Nilikuwa na karatasi ya maelezo kwa Kireno, nikamsomea Buanali. Mfalme huyu aliagiza moyo wake uzikwe Rouen. Mwili ulizikwa mbali, Fontevraud, karibu na Tours tulikotoka. Na matumbo yake yakazikwa kwingine kabisa, kule alikofia.

"Soma tena," alisema Buanali.

Nikasoma tena.

"Mtu mmoja, sehemu tatu."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Nikaona hapa ndipo pa kumshika. Nikamwambia, umeona sasa, wenzetu hawa wanahamisha wafu wao, wanawagawa hata vipande, na mbingu haijaanguka. Sisi tunataka kumsogeza mtoto wetu hatua chache tu akae karibu nasi. Kampuni wakizungushia uzio wao, tutamwombea dua tukiwa wapi? Tutasimama nje na walinzi?

Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. "Huyu alizikwa na watu wenye nguvu, kwenye masanduku ya madini ya risasi na mawe. Usimlinganishe." Halafu akasema lile la siku zote, kwamba maiti hasumbuliwi, akaenda kusimama mlangoni na mvua inamrushia.

Nimeandika haya nina hasira. Huyu baba alimpenda mtoto wake? Mimi ndiye niliyekaa ndani siku arobaini. Yeye aliondoka na lori siku ya nane. Kwetu wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo hata pale alipolazwa sijawahi kupaona. Yeye alipaona, akarudi, akanawa mikono, akala.

Septemba 28

Catarina peke yake ndiye aliyezungumza leo.

Septemba 30. Angers

Ngome yenye minara ya milia. Nimekula tufaha. Jiwe la msiro nimelisahau bafuni, Buanali karudi mwenyewe kulichukua, kalileta kalikumbatia. Hakusema neno la mzaha, nami nikashangaa.

Oktoba 1

Tumefuata mto Loire. Mpana, maji machache, mafungu ya mchanga katikati. Buanali kasimamisha gari ghafla, Catarina analalamika. "Rovuma!" kasema. "Mama Nafisa, tazama, Rovuma kabisa!" Tulishuka. Zamani alikuwa akipeleka mizigo Nhica, na siku nyingine alituchukua tukaenda kufua ukingoni. Anli alikuwa akichimba mashimo mchangani na kulia yakifukiwa na maji. Nilimkumbusha hilo. Buanali aliinama akachota mchanga wa Loire, akautazama unavyopita vidoleni mwake mpaka mkono ukabaki mtupu. Kisha akaniambia tupande gari.

Oktoba 2. Fontevraud

Nataka kuiandika siku hii sawasawa.

Fontevraud ni nyumba kubwa ya watawa wa zamani, mawe meupe, ukumbi mrefu usio na kiti hata kimoja. Katikati wamelala wafalme na malkia wanne wa mawe. Yule wa Rouen yupo, pamoja na baba yake, mama yake na shemeji yake. Mama ameshika kitabu wazi, anasoma hali amelala. Nilimpenda hapo hapo, mimi mwalimu. Watu walikuwa wamesimama kuwazunguka, hakuna anayepaza sauti. Mzee mmoja alivua kofia.

Mlinzi wa pale alitusikia tukichanganya Kireno, akaja. Dona Verónica, wazazi wake walitoka Ureno. Alifurahi kupata wa kuzungumza naye. Nikamwuliza kama ndani ya mawe haya wamezikwa kwenye masanduku au kwa sanda.

"Ndani hamna mtu, minha senhora," akasema. "Wakati wa mapinduzi makaburi yalivunjwa, mifupa ikatupwa. Walitafuta baadaye, hawakupata. Yaliyobaki ni haya mawe ya juu."

"Na watu hawa wote wanamtazama nani?"

Akainua mabega. "Wanajua hamna kitu. Wanakuja tu."

Nilipogeuka, Buanali hakuwepo. Nilimkuta nje kwenye ukuta wa bustani, ameketi, kofia usoni. Nilidhani presha. Nikamshika bega, ndipo nikaona analia. Nimeishi na mtu huyu maisha yangu yote ya utu uzima. Sijamwona analia, hata siku ya Anli.

"Baba Nafisa, una nini?"

"Nikichimba nikakuta mchanga?"

Sikumwelewa.

"Pale Namuanza ni mchanga na chumvi, Alima. Unakula mbao, unakula chuma. Yeye alikuwa mdogo vile, kwenye kipande cha kanga, hata sanda hatukuwa nayo. Miaka yote hii. Wewe utakuwa nyumbani unasubiri, umeshatayarisha na ubani. Mimi nitasimama pale na sanda mpya mkononi, nikute hamna kitu. Nirudi nikwambie nini? Kwamba mtoto amekwisha?"

Kaniita Alima. Huniita hivyo mara chache sana.

Nilikaa kwenye ukuta karibu naye. Kumbe ndilo alilokuwa akilibeba kila alipovaa ndara na kutoka nje. Kumbe hata lori la siku ya nane, sijui alilia wapi, Diaca au Awasse, au njia nzima. Nilikuwa nimemwandika katika daftari hili kama mtu aliyenawa mikono akala. Sitafuta nilichoandika, lakini naandika na hili chini yake.

Nikamwambia, "Basi tusichimbe."

"Unasema kwa kunihurumia."

"Nakuhurumia, ndiyo. Lakini umewaona wale mle ndani? Wanajua hamna mtu na wanavua kofia. Mimi hata jiwe lake sijaliona. Tumwache alale. Ila kabla hawajazungusha uzio, nipeleke nikaone. Mara moja tu."

Nilitegemea afurahi. Alifuta uso, akatazama chini. "Tutaona," akasema. Ndani ya gari akaongeza, kama anayezungumza na Catarina, "Itabidi Mariamo awepo." Nikauliza Mariamo anahusika nini. Akawasha gari.

Oktoba 15. Tours

Idi. Hamido kapata nyama ya kutosha, Nafisa kapika matapa ya kisamvu cha kwenye barafu, hayakuwa mabaya. Baada ya kula katuomba tubaki. "Fiquem, mamã. Kule mnarudia nini? Nyumba inavunjwa." Baba yake kamjibu, "Tunarudia ndugu yako." Nafisa alizaliwa Anli ameshakufa, hajui amlilie vipi. Alinijia jikoni akanikumbatia kwa nyuma, nami nikaendelea kuosha sahani ile ile.

Oktoba 27. Namuanza

Tumerudi. Harufu ya moshi na samaki mkavu, nimekaribia kuibusu ardhi. Minazi yote imepigwa rangi nyekundu, alama ya kampuni.

Novemba 4

Joto. Majirani watatu wameshahama.

Novemba 11

Gildo, kijana wa Mueda anayefanya kazi na kampuni, kaja kuuliza jibu la kaburi. Ana adabu, anavua kofia. Buanali kamwambia, "Jibu ni la mama yake." Nikasema tunamwacha. Gildo kasema familia zitaruhusiwa kuingia siku za Idi. Nimemwambia nitamshika kwa maneno hayo, na ikiwa amehamishwa nitamfuata hata Mueda.

Novemba 19

Joto. Mawingu, hayanyeshi. Buanali hali vizuri. Nimemwuliza tena habari ya Mariamo, kasema, "Siku ikifika."

Novemba 30

Mwalimu wa msikiti kakubali: kwa kuwa ni kuaga, wanawake wanaweza kwenda makaburini Jumamosi. Baadhi ya wazee wamenuna. Wanune.

Desemba 7

Tulikwenda watatu. Buanali mbele na panga la kufyekea, mimi katikati, Mariamo nyuma. Nilikuwa nimejifunga kanga mpya na sikupaka msiro. Wifi yangu alikuwa akihema, magoti yake ni mabaya, lakini hakuomba tupumzike.

Makaburi yapo mbele ya kichaka cha mikorosho. Mengi yamewekewa mawe ya pwani, meupe. Buanali alifyeka majani, akasogea pembeni. "Hapa."

Kaburi fupi sana. Hilo ndilo nililoliona kwanza, ufupi wake. Kisha nikaona jiwe la kichwani. Jeusi, bapa, limezama mchangani hadi nusu, na upande unaotazama kibla una kibonde.

Nilipiga magoti. Nilitia vidole katika kibonde kile, vikaingia mahali pake.

Buanali alizungumza akiwa amesimama nyuma yangu. "Hatukuwa na jiwe. Askari walikuwa wamefunga njia ya pwani, huwezi kwenda kuchimba. Nikamwambia Mariamo alete chochote kizito, kaburi la mtoto lisipotee."

"Nikaleta lile," Mariamo akasema. "Palikuwa na kinu, palikuwa na mafiga. Lakini kila asubuhi namwona anakaa mbele yako anajipaka. Nikasema asiwe mbali na jiwe lake."

"Mbona hukuniambia, Mariamo?"

"Msibani nitakwambiaje? Mama wa watu hajui hata yuko wapi. Nikangoja. Nikija, huzungumzi. Nikitia chai, unaiacha. Nikajua umeshanihukumu." Sauti yake haikuwa na ukali. "Ungeniuliza ningekwambia, Mama Anli."

"Na hilo jina? Unajua linavyoniuma."

"Najua. Lakini nani mwingine angelitaja? Ndugu yangu hataji. Wewe hutaji. Mtoto alizaliwa, alikuwa na jina."

Nililia pale kwa sauti, na sikujali wazee wala kampuni. Nilimlilia Anli, na chai zote zile nilizoziacha zikapoa. Mariamo alishuka chini na magoti yake mabovu, tukakaa mchangani, kaburi katikati yetu.

Baadaye Buanali alisema, kwa woga kidogo, "Lichukue, Alima. Ni la mama yako. Huko tunakokwenda utalihitaji."

"Nimwache mtoto bila jiwe?"

Kisha nikamwambia aende nyumbani akalete lile jingine, la Mocímboa. Alikwenda mbio, mzee yule, na ndara zake. Aliporudi jasho linamtoka, amelikumbatia kama alivyolikumbatia Angers. Tukalitoa la mama polepole. Tukalisimamisha hili mahali pake, mimi nikishika, yeye akishindilia mchanga kwa viganja. Mariamo alisoma Fatiha, nasi tukaitikia.

Desemba 9

Mvua imeanza kabla ya alfajiri. Lori la kutuhamisha linakuja kesho.

Mariamo amekuja amefunika kichwa kwa sinia. Nimechemsha chai. Nimelitoa jiwe la mama, nikatia maji na kusugua mti, na ule uji ukatoka mweupe, mzito, kwa mikono michache tu. Kibondeni mlikuwa bado na punje za mchanga wa kaburini. Sikuziosha. Nilimpaka Mariamo kwanza, mashavu na paji la uso, yeye amefumba macho, kisha akanipaka mimi.

"Lile mlilomwachia," akauliza, "ni jiwe la wapi?"

"La Mocímboa tu," nikasema. "Jiwe kaidi. Lakini nilikwenda nalo Ufaransa. Limelala Chartres, limelala Rouen, Angers nililisahau bafuni. Limeuvuka na mto mmoja unaofanana na Rovuma."

Buanali alikuwa mlangoni anafunga godoro kwa kamba. Alisimama.

"Basi lina mengi ya kumhadithia," akasema.

Nikammiminia chai, na Mariamo nikammiminia. Mvua ilipiga bati, tukainywa yote.